BRONISŁAW MALINOWSKI (1884–1942): MAISHA YAKE NA CHIMBUKO LA DHANA YA MUKTADHA

Utangulizi

Mwanafunzi yeyote wa Kiswahili aliyepitia kozi za semantiki, pragmatiki au isimujamii hakosi kukutana na istilahi muktadha. Istilahi hii hutajwa katika mihadhara, huulizwa katika mitihani na hutengewa aya zake katika sura ya pili ya tasnifu. Licha ya umaarufu huo, ni wachache kati yetu wanaojiuliza dhana yenyewe ilichimbuka wapi na ni nani aliyeifanya kuwa nguzo ya uchunguzi wa lugha. Aghalabu tunaanza na M.A.K. Halliday au Dell Hymes, tukaishia hapo. Lakini mwenye kuufuata mto hadi chemchemi yake atamkuta J.R. Firth nyuma ya Halliday, na nyuma ya Firth ataikuta hema iliyopigwa mwaka wa 1915 kati ya nyumba za kijiji cha Omarakana, katika Visiwa vya Trobriand, mashariki mwa New Guinea. Aliyeishi ndani ya hema hiyo hakuwa mwanaisimu kwa taaluma. Alikuwa Mpolandi aliyesomea falsafa na aliyekuwa akijifunza lugha ya wenyeji wake kwa jasho. Jina lake ni Bronisław Malinowski.

Makala hii inanuia kuyasimulia maisha ya mtaalamu huyo. Haidhamirii kumpamba, kwa kuwa alikuwa na kasoro zake, nazo zitatajwa. Inachodai ni kwamba nadharia yake ya maana haikuzaliwa maktabani bali ilitokana na jinsi alivyoishi. Tunapoitenga na maisha hayo, tunabaki na istilahi isiyo na roho.

Makuzi na elimu

Malinowski alizaliwa tarehe 7 Aprili 1884 mjini Kraków. Wakati huo Poland haikuwapo kama dola huru. Ilikuwa imegawanywa baina ya Urusi, Ujerumani na Austria, na mji wa Kraków ulikuwa chini ya Milki ya Austria na Hungary. Mtoto wa Kipolandi wa enzi hizo alikulia katika taifa ambalo halikuwa na serikali yake lakini lilikuwa na lugha yake, na lugha hiyo ndiyo iliyolishikanisha.

Baba yake, Lucjan Malinowski, alikuwa profesa wa filolojia ya Kislavoni katika Chuo Kikuu cha Jagiellonian mjini humo. Alizichunguza lahaja za Kipolandi, hasa za eneo la Silesia, na kukusanya ngano za watu wa mashambani. Kwa hivyo utafiti wa lugha katika vinywa vya wasemaji wake haukuwa jambo geni katika nyumba hiyo. Hata hivyo baba huyo alifariki mwaka wa 1898, mwanawe akiwa bado mvulana, na malezi yakabaki mikononi mwa mama, Józefa. Bronisław alikuwa na afya dhaifu na macho mabovu. Ilipobidi apumzishe macho, mama yake alimsomea vitabu kwa sauti. Aidha, alisafiri naye hadi nchi za joto, zikiwemo zile za pwani ya Mediterania na Visiwa vya Canary, ili kumtafutia nafuu. Safari hizo zilimfunza kusikiliza lugha za watu mapema. Kufikia utu uzima alizimudu lugha kadhaa za Ulaya.

Mwaka wa 1908 alitunukiwa shahada ya uzamifu katika Chuo Kikuu cha Jagiellonian, kwa heshima ya juu kabisa iliyotolewa kwa jina la Mfalme wa Austria. Tasnifu yake ilikuwa ya falsafa ya sayansi. Hata hivyo alikuwa ameanza kuvutwa na kazi ya James Frazer kuhusu dini na mizungu ya jamii mbalimbali za ulimwengu. Baada ya kusoma kwa muda mjini Leipzig, ambako alihudhuria mihadhara ya Wilhelm Wundt na Karl Bücher, alihamia London mwaka wa 1910 na kujiunga na Chuo cha Uchumi cha London, akiongozwa na C.G. Seligman na Edward Westermarck.

Kitabu chake kikubwa cha kwanza kwa Kiingereza, kilichochapishwa mwaka wa 1913, kilihusu familia miongoni mwa wenyeji wa asili wa Australia. Inafaa kukumbuka kwamba alipokiandika hakuwa amewahi kuonana na hata mmoja wao. Alitegemea maandishi ya wengine, kama walivyofanya wanaanthropolojia wengi wa kizazi kilichomtangulia. Huyo ndiye Malinowski wa maktaba. Malinowski tunayemjua alizaliwa baada ya hapo.

Vita na safari ya Pasifiki

Mwaka wa 1914 alifunga safari kwenda Australia pamoja na wajumbe wa Jumuiya ya Uingereza ya Kuendeleza Sayansi. Wakiwa huko, Vita vya Kwanza vya Dunia vikazuka. Kwa kuwa alikuwa raia wa Austria, Malinowski alijikuta raia wa nchi adui katika ardhi ya milki ya Waingereza. Baadhi ya masimulizi hudai kwamba alifungwa visiwani hadi vita vilipokwisha. Madai hayo si sahihi. Wakuu wa Australia walimruhusu kufanya utafiti katika eneo la Papua, hata wakamsaidia kwa fedha, na kati ya vipindi vyake vya utafiti alirejea Australia. Hata hivyo ni kweli kwamba hakuweza kurudi kwao, na kwamba vita vilimpa kitu ambacho watafiti wengi waliomtangulia hawakuwa nacho: muda.

Alianza katika kisiwa cha Mailu, kwenye pwani ya kusini ya New Guinea, mwishoni mwa mwaka wa 1914. Huko alitumia Kimotu, lugha iliyotumika kwa mawasiliano mapana katika eneo hilo. Mwaka wa 1915 alifika Visiwa vya Trobriand na kupiga hema Omarakana. Alikaa huko hadi mwaka wa 1916, kisha akarudi kwa kipindi cha pili kati ya mwaka wa 1917 na 1918.

Desturi ya watafiti wengi wa zamani ilikuwa kukaa katika veranda ya afisa wa serikali au mmishenari na kuwaita wenyeji waje kujibu maswali kwa msaada wa mkalimani. Malinowski aliuona upungufu wa njia hiyo. Mwanzoni alitumia Kiingereza cha pijini, akagundua kwamba kilimpa vipande vya habari visivyoshikamana. Hivyo akajitia katika lugha ya wenyeji, inayoitwa Kilivila na ambayo yeye aliiita Kikiriwina, kwa jina la kisiwa kikubwa cha Trobriand. Alipoimudu, aliyaandika madaftari yake kwa lugha hiyo hiyo, jinsi watu walivyosema. Kila alfajiri alitoka hemani akawaona watu wakipika, wakigombana, wakienda shambani, wakitengeneza mitumbwi. Hakuhitaji tena kuuliza ugomvi huwaje, aliusikia. Utaratibu huu wa mtafiti kuishi na watu, kusema lugha yao na kushiriki shughuli zao, ndio msingi wa kile tunachokiita leo utafiti wa nyanjani.

Mwanafunzi wa Kiswahili atafurahi kujua kwamba miongoni mwa mambo yaliyomshughulisha mapema ni jambo linalokaribiana na ngeli zetu. Katika Kilivila, namba, vionyeshi na baadhi ya vivumishi hupachikwa viambishi vinavyotegemea aina ya kitu kinachotajwa: mtu, mti au kitu kirefu, kitu cha mviringo, na kadhalika. Nasi tunasema mtu mmoja, mti mmoja, kitu kimoja. Tofauti ni kwamba katika Kiswahili nomino yenyewe hubeba alama ya ngeli yake, nao upatanisho hufika hadi kwenye kitenzi, ilhali nomino ya Kilivila haibebi alama hiyo, na viambishi hivyo ni vingi zaidi. Mwaka wa 1920 Malinowski alichapisha makala kuhusu viambishi hivyo katika jarida la Chuo cha Taaluma za Mashariki cha London, chuo kilichokuja kujulikana baadaye kwa jina la SOAS. Katika kuiandika alitambua kwamba hakuwa na nadharia ya kutosha ya maana. Sarufi aliyoirithi kutoka Ulaya ilimwezesha kuviorodhesha viambishi. Haikumwezesha kueleza kwa nini msemaji huchagua hiki na kuacha kile akiwa katika shughuli fulani.

Kula, mwali na maana ya maneno

Kazi iliyomletea umaarufu ilichapishwa mwaka wa 1922, nayo ilihusu mabaharia wa Pasifiki ya Magharibi. Aliiandika kwa sehemu kubwa akiwa Tenerife, katika Visiwa vya Canary, pamoja na mkewe Elsie Masson, Mwaustralia, binti wa profesa wa kemia, aliyemwoa mjini Melbourne mwaka wa 1919. Kitabu hicho kinaeleza desturi iitwayo kula. Katika desturi hiyo, watu wa visiwa vingi husafiri kwa mitumbwi katika bahari ya hatari ili kubadilishana mapambo ya aina mbili: mikufu ya makombe mekundu, iitwayo soulava, na bangili za makombe meupe, ziitwazo mwali. Mikufu huzunguka visiwa kwa mwelekeo mmoja, bangili kwa mwelekeo wa kinyume, na hakuna anayezihodhi daima. Kwa mtazamaji wa nje ni vikorokoro. Kwa wenyeji ni heshima, urafiki, historia na jina.

Msomaji wa Kiswahili hawezi kulipita neno mwali bila kushtuka. Kwetu mwali ni msichana aliyewekwa ndani akifundwa, au cheche ya moto, au mshale wa nuru. Kwa Watrobriand ni bangili. Maneno haya hayana undugu wowote. Yamegongana kwa sauti tu. Lakini mgongano huo ni somo fupi la semantiki. Sauti haiweki maana. Hata ndani ya Kiswahili chenyewe hatuwezi kujua ni mwali upi unaotajwa mpaka tujue kama tumesimama unyagoni au mbele ya jiko.

Insha ya mwaka wa 1923

C.K. Ogden na I.A. Richards walipochapisha kitabu chao maarufu kuhusu maana mwaka wa 1923, walimwomba Malinowski aongeze insha mwishoni. Insha hiyo ndiyo iliyompa nafasi katika historia ya isimu, kwani humo ndimo alimotumia dhana mbili ambazo hazijatuacha hadi leo.

Dhana ya kwanza ni muktadha wa hali. Malinowski alianza na maneno ya Mtrobriand aliyekuwa akijisifu juu ya safari ya baharini. Akayafasiri neno kwa neno, na tafsiri ikawa haieleweki. Ilitaja mti ambao kumbe ni mtumbwi. Ilitaja kupiga makasia, jambo ambalo lilimaanisha kwamba mtumbwi ulikuwa umekaribia mwisho wa safari, kwa sababu mabaharia hutua tanga wanapofika karibu na kijiji. Ili kuielewa sentensi moja ilibidi mtu ajue ufundi wa mitumbwi, ushindani wa mabaharia, njia za baharini na desturi ya kujigamba. Kamusi haikutosha, wala sarufi haikutosha. Akaendelea na mfano wa wavuvi walio kazini, ambao maneno yao mafupi ni sehemu ya kazi kama zilivyo nyavu na makasia. Aliyewahi kuwaona wavuvi wa pwani yetu wakivuta juya anajua jambo hili. Anayesema vuta au legeza haelezi habari yoyote. Anafanya kazi kwa ulimi. Kwa Malinowski, lugha katika asili yake ni namna ya kutenda.

Dhana ya pili ni ile ya maongezi ya fatiki, yaani mazungumzo ambayo shabaha yake si kupasha habari bali kujenga na kuhifadhi uhusiano. Watu wakutanapo huulizana hali au hutaja jambo ambalo kila mmoja analiona kwa macho yake. Maneno hayo hayaongezi maarifa yoyote, lakini kutoyasema ni hatari, kwa maana kimya cha mgeni hutia shaka.

Yaelekea hakuna lugha inayoithibitisha hoja hii kuliko Kiswahili. Maamkizi yetu yana ngazi zake. Mwenye kuulizwa habari za nyumbani hujibu kwamba ni njema, kisha ndipo aseme kuwa mtoto ana homa na mvua imeibomoa jiko. Mgeni wa lugha atadhani kuna ukinzani. Mswahili haoni ukinzani wowote, kwa sababu neno njema halikuwa taarifa, lilikuwa mlango. Vivyo hivyo, kijana anapotamka shikamoo na mzee akaitikia marahaba, hakuna habari iliyopita kati yao, lakini ulimwengu mzima wa umri, adabu na nafasi ya kila mmoja umethibitishwa. Hali kadhalika, mtu wa pwani aliyeketi mbele ya sinia ya chakula akimwambia mpita njia bismillahi, mwenye kutafuta maana katika kamusi atapata jina la Mwenyezi Mungu, na ataukosa mwaliko.

Kujisahihisha

Insha ya mwaka wa 1923 ilikuwa na dosari kubwa. Kichwa chake chenyewe kilizigawa lugha za ulimwengu katika makundi mawili: zile alizoziona za kishenzi, ambazo hutenda, na zile za watu waliostaarabika, ambazo huwaza. Muktadha, kwa mtazamo huo, ulihitajika zaidi kwa Mtrobriand kuliko kwa profesa wa London.

Mwaka wa 1935 alichapisha kitabu cha juzuu mbili kuhusu kilimo cha Watrobriand, na juzuu ya pili aliitenga kwa ajili ya lugha. Humo alijisahihisha waziwazi. Alikiri kwamba alikosea kuitenga lugha ya sayansi na lugha ya kutenda. Maneno ya mwanasayansi maabarani, ya hakimu mahakamani na ya mkulima shambani yote hupata maana kutokana na kazi yanayoifanya. Aliipanua pia dhana yake: zaidi ya muktadha wa hali kuna muktadha wa utamaduni, ambao hali zote za usemi zimo ndani yake. Binafsi naiona hatua hii kuwa kubwa kuliko ile ya mwaka wa 1923, kwa kuwa ilimtoa Mtrobriand katika jumba la makumbusho na kumketisha meza moja na wanadamu wengine.

Juzuu hiyo pia ni somo kwa wafasiri. Mashamba ya viazi vikuu yalikuwa na wataalamu waliotamka maneno ya kuyastawisha. Kiingereza hukitia kitendo hicho katika kapu moja na ulozi. Mfasiri wa Kiswahili hana budi kuchagua: je, huu ni uchawi au uganga? Kwa kuwa mtaalamu huyo aliyasema maneno yake kwa niaba ya kijiji na kwa heshima ya watu wote, sharti tuseme uganga. Uteuzi huo hatukupewa na neno lenyewe. Tumepewa na nafasi ya mtu huyo katika jamii yake. Hivyo ndivyo Malinowski alivyotutaka tufasiri.

Malinowski na Kenya

Malinowski aliteuliwa kuwa profesa wa anthropolojia mwaka wa 1927, na mwaka wa 1931 akapata uraia wa Uingereza. Semina yake ilivuta wanafunzi ambao majina yao yanafahamika na kila msomaji wa taaluma za Kiafrika: E.E. Evans-Pritchard, Audrey Richards, Isaac Schapera, Meyer Fortes na wengineo. Mwaka wa 1934 yeye mwenyewe alizuru kusini na mashariki mwa Afrika, akapita miongoni mwa Waswazi, Wabemba, Wachaga, Wakikuyu na Wamaragoli.

Mwaka uliofuata semina hiyo ilipata mwanafunzi kutoka Kenya, Jomo Kenyatta. Katika miaka hiyo ya 1930 Kenyatta alikuwa pia msaidizi wa utafiti wa fonetiki ya Kikuyu katika chuo kingine cha London, ambako Lilias Armstrong alikuwa akiichunguza toni ya lugha hiyo kupitia matamshi yake. Yaani kwa upande mmoja Kenyatta alikuwa sauti ya kupimwa. Kwa upande wa pili, katika semina ya Malinowski, alikuwa msemaji. Tokeo lake ni kitabu chake kuhusu maisha ya Wakikuyu, kilichochapishwa mwaka wa 1938 kikiwa na utangulizi wa Malinowski. Mwafrika hakuwa tena mhojiwa tu. Aliyaeleza maneno ya watu wake, kama vile yale ya ardhi na ukoo, kwa kuyaweka katika muktadha wake, na kwa kufanya hivyo akayapinga matumizi ya wakoloni. Nadharia ya muktadha ikawa silaha ya kisiasa.

Haimaanishi kwamba Malinowski alikuwa mpinzani wa ukoloni. Mwaka wa 1929 aliandika kwamba anthropolojia ingeweza kuwafaa watawala wa makoloni, na taasisi alizoshirikiana nazo ziliendeshwa katika mazingira ya utawala huo. Tusimvike kanzu isiyo yake.

Shajara na miaka ya mwisho

Maisha ya nyumbani hayakuwa mepesi. Elsie, aliyemzalia mabinti watatu na kumsaidia sana katika uandishi, aliugua maradhi ya mishipa ya fahamu kwa miaka mingi, akafariki mwaka wa 1935. Mwaka wa 1938 Malinowski alikwenda Marekani kwa likizo ya kitaaluma, vita vikamzuia kurudi kwa mara ya pili maishani mwake. Alifundisha katika Chuo Kikuu cha Yale, akamwoa mchoraji Valetta Swann mwaka wa 1940, na akafanya utafiti kuhusu masoko ya Oaxaca nchini Mexico. Mwezi Mei 1942 alikuwa rais wa kwanza wa taasisi ya wasomi wa Kipolandi nchini Marekani. Alifariki kwa ugonjwa wa moyo mjini New Haven tarehe 16 Mei 1942, akiwa na umri wa miaka 58.

Miaka 25 baada ya kifo chake, mwaka wa 1967, mjane wake alichapisha shajara aliyoiandika kwa Kipolandi akiwa New Guinea. Wasomi walipigwa na butwaa. Mtu aliyesifiwa kwa kuwaelewa wenyeji wake aliandika faraghani kwa hasira, kwa upweke na mara nyingine kwa dharau na matusi ya rangi dhidi ya watu hao hao. Humo pia mna kilio chake baada ya kupata habari, mwaka wa 1918, kwamba mama yake amefariki mbali naye.

Je, tuisomeje shajara hiyo? Wapo waliosema kwamba inabatilisha kazi yake yote. Wapo waliosema kwamba maneno ya faragha hayamhusu mtu mwingine. Nadhani mwanafunzi wa pragmatiki hawezi kukubaliana na upande wowote kati ya hizo mbili. Malinowski mwenyewe alitufunza kwamba usemi haueleweki nje ya hali yake, na hali ya shajara ilikuwa ya mtu mpweke, mgonjwa, katika koloni ambamo dharau kwa watu weusi ilikuwa hewa ya kila siku. Lakini kueleza si kusamehe. Muktadha wa ukoloni ndio unaotuonyesha kwamba matusi yale hayakuwa ghadhabu ya mtu mmoja tu, bali lugha ya mfumo mzima, naye aliisema kwa ufasaha. Yule aliyegundua kwamba neno ni tendo hakuyaepuka matendo ya maneno yake mwenyewe.

Hitimisho

Baada ya Malinowski, J.R. Firth, aliyekuwa profesa wa kwanza wa isimu ya jumla nchini Uingereza mwaka wa 1944, aliichukua dhana ya muktadha wa hali na kuipa sura ya kiisimu. Halliday akaiendeleza katika nadharia yake ya uamilifu. Huko Marekani, kuanzia miaka ya 1960, Dell Hymes akajenga ethnografia ya mawasiliano. Hao ndio tunaowataja katika tasnifu zetu, na ni haki yao.

Jambo linalopaswa kutusumbua ni jingine. Mara nyingi sisi wanafunzi wa Kiswahili tunaitaja nadharia ya muktadha katika sura ya pili, kisha katika sura ya nne tunachanganua sentensi tulizozitunga wenyewe mezani, au maneno tuliyoyaokota katika kamusi. Tunafanya kile alichofanya Malinowski mwaka wa 1913, tukilitumia jina la Malinowski wa mwaka wa 1935. Ilhali sisi hatuhitaji meli wala hema ya kupiga ugenini. Lugha tunayoichunguza inasemwa nje ya mlango wa maktaba: katika matatu, sokoni, bandarini, barazani, mochari, harusini. Wenye nayo wako hai, na wengi wao ni wazazi wetu.

Malinowski alikuwa na macho mabovu tangu utotoni, na yale aliyotuachia aliyapata zaidi kwa sikio. Tunaweza kumkosoa kwa aliyoyaandika usiku ndani ya hema, na ni wajibu wetu kumkosoa. Lakini kulipopambazuka alitoka nje kusikiliza. Nasi tukitaka haki ya kumkosoa, hatuna budi kwanza kutoka nje.